Tanuri la Umeme Kilosa: Usome Udongo Kwanza, Kisha Mita

Kabla hujauliza bei ya tanuri la umeme, nenda ukaisome mita yako ya LUKU. Si salio, bali maandishi madogo yaliyo usoni mwake. Ikiwa imeandikwa 230V, una fezi moja. Ikiwa imeandikwa 3x230/400V, una fezi tatu. Ukimaliza, toka nje ufuate waya kwa macho mpaka transfoma ilipo. Ni nguzo mbili tu, au ni nusu kilomita na katikati kuna mashine ya kusaga na kijana anayechomelea mageti kutwa? Mambo hayo mawili yatakueleza tanuri gani linakufaa kuliko picha zote atakazokutumia muuzaji.

Nimeona vikundi vikianzia upande mwingine. Wanakaa kikao, wanakubaliana kwamba wakinunua wanunue kubwa, mwenyekiti anatumwa Dar es Salaam, na tanuri linafika likiwa juu ya fuso huku watoto wanashangilia. Kisha fundi umeme anaitwa, anatazama kibao kilicho ubavuni mwa tanuri, anatazama mita, anavua kofia. Makala hii imeandikwa ili fundi huyo aitwe mapema.

Kwanza, unalihitaji?

Wilaya ya Kilosa haikuanza kufinyanga jana. Akina mama wa Kikaguru na wa Kisagara wameinua vyungu na mitungi kwa mkono, bila gurudumu wala tanuri, na kuvichoma uwanjani chini ya kuni, magome na majani makavu. Moto wa namna hiyo hufika nyuzi kati ya 600 na 900 za Selsiasi na kazi huisha kwa saa chache. Kwa mtungi wa maji, moto huo unatosha kabisa. Mtungi hupoza maji kwa sababu unatoa jasho. Ukiuchoma kwa joto kali hadi vitundu vyake vizibe, umepata chombo kigumu chenye maji ya uvuguvugu. Chungu cha kupikia nacho hustahimili jikoni kwa sababu udongo wake bado una nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wamejenga jina kwa vyungu vinavyouzwa Matema na kusafirishwa mbali, na havijaonja umeme.

Kwa hiyo ikiwa wateja wako wanataka mitungi, vyungu na vigae vya kuchomea ubani, hifadhi fedha zako. Tanuri la umeme linalipa pale unapotaka kutengeneza kikombe, sahani au bakuli lenye glezi, ile ngozi ya kioo inayozuia chai isinywewe na udongo. Soko la vitu hivyo lipo Mikumi, kwenye nyumba za wageni na hoteli zilizo kando ya barabara kuu ya Zambia na karibu na hifadhi. Mwenye hoteli akiagiza vikombe 60 anataka viwe ndugu wa tumbo moja, na baada ya miezi sita anataka 20 vingine vya kufidia vilivyovunjika. Moto wa uwanjani hautoi ahadi hiyo. Tanuri linaweza.

Kuna pia suala la kuni. Kilosa ni wilaya iliyozungumza habari za miti kwa kirefu kuliko nyingi. Tangu mwaka 2012 vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe viliingia katika mradi wa mkaa endelevu, ambamo kila kijiji hupima msitu wake, hugawa maeneo ya kuvuna kwa zamu na hutoza ushuru wake. Mfinyanzi anayechoma mara moja kwa mwezi kwa majani na magome si mtu wa kusumbuliwa na yeyote. Lakini karakana inayotaka kuchoma mara mbili kwa wiki kwa nyuzi 1,100 kwa kuni italazimika kuwa na kibali, eneo na majirani wavumilivu wa moshi.

Udongo ndio unaochagua joto

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Muuzaji atakuambia tanuri lake linafika nyuzi 1,300, na wewe utaona 1,300 ni bora kuliko 1,100, kama vile pikipiki ya kasi zaidi. Lakini udongo mwekundu wenye chuma, kama ule wa kingo za mito yetu, kwa kawaida huiva kati ya nyuzi 950 na 1,100. Ukiusukuma hadi 1,200 huvimba, hujikunja, na mwisho huyeyuka na kuganda juu ya rafu ya tanuri kama ugali ulioungua chini ya sufuria. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa za kumeza mguu wakati wa kiangazi, usihangaike nao. Hunywa maji mengi, husinyaa mno, na chombo hupasuka kabla hakijauona moto.

Upime udongo wako kabla ya kununua chochote. Tengeneza vipande kumi vya mstatili, uchore mstari wa sentimita 10 juu ya kila kimoja kikiwa kibichi. Vikikauka pima mstari tena. Ukikuta sentimita 9.3, udongo umesinyaa kwa asilimia 7, na hiyo inavumilika. Peleka vipande hivyo kwenye karakana au chuo chenye tanuri, uombe vichomwe viwili viwili: 950, 1,000, 1,050, 1,100 na 1,150. Vikirudi vipime kwenye mizani ya duka la dawa au ya sonara, vichemshe kwenye maji saa mbili, vifute, vipime tena. Kipande cha gramu 100 kikirudi na 112 kimekunywa asilimia 12. Joto ambalo kipande kinakunywa kidogo bila kuvimba wala kupinda ndilo joto la udongo wako. Anayetaka kujua zaidi kilichomo ndani anaweza kupeleka sampuli maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, Dodoma. Reli ya SGR inapita Kilosa, na mfuko wa kilo mbili hautakushinda mapajani.

Ukishajua kwamba udongo wako unaiva 1,060, nunua tanuri lililoandikwa uwezo wa 1,250 au 1,300. Si kwa ajili ya kulifikisha huko. Ni kwa sababu koili zinazofanya kazi mbali na kikomo chake hudumu miaka, ilhali tanuri la 1,100 linalolazimishwa kufika 1,100 kila wiki litakuomba koili mpya mapema.

Utakutana na neno koni. Ni vijiti vidogo vya udongo uliochanganywa kwa vipimo, vinavyopinda vikishapata joto kwa muda uliokusudiwa. Mkemia wa Kijerumani Hermann Seger alivitengeneza mwaka 1886 na hadi leo wafinyanzi duniani huvitumia. Angalia sifuri ya mbele. Koni 06 huinama karibu na nyuzi 1,000, koni 04 karibu na 1,060, lakini koni 6, bila sifuri, ni karibu 1,220. Mtu akiandika 6 badala ya 06 kwenye kontrola inayoongoza joto la tanuri, asubuhi atakuta ziwa.

Waya, mita na jioni ya Kilosa

Sasa turudi kwenye nguzo, maana hapa ndipo penye uzito.

Tanuri la umeme ni pasi iliyogeuzwa kuwa chumba. Tanuri la mviringo lenye upana wa ndani sentimita 45 na kina cha sentimita 57 lina nafasi ya kama lita 90, na kwa kawaida hutaka kilowati 6 hadi 7. Hizo ni pasi saba zikiwa zimewashwa pamoja, kwa saa nane au tisa. Gawanya wati 7,000 kwa volti 230 upate ampea 30. Soketi ya ukutani inabeba ampea 13, yaani kilowati 3 tu, na waya wake ni wa milimita mraba 2.5. Kwa hiyo tanuri hili halichomekwi popote. Linataka waya wake lenyewe kutoka kwenye bodi, wa milimita mraba 10, breka ya ampea 40, swichi ya kutenga ukutani unayoweza kuifikia bila kulisogelea tanuri, na athi iliyopimwa, si nondo iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu kwa ajili ya kuridhisha macho. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA. Mikumi kuna chuo cha VETA. Ukikosa pa kuanzia, kaulize pale nani anaaminika.

Tanuri la zaidi ya kilowati 8 au 9 litafutie fezi tatu. Fezi tatu hazipunguzi bei ya uniti. Zinachofanya ni kugawa mzigo, kama gunia la mpunga likibebwa na watu watatu badala ya mmoja: tanuri la kilowati 12 kwenye fezi tatu linavuta ampea 17 au 18 tu kwa kila fezi. Ombi hupelekwa ofisi ya TANESCO ya eneo lako. Pata gharama yake kwa maandishi kabla hujalipa hata shilingi ya tanuri, kwani nguzo moja ya ziada inaweza kugeuza hesabu yote.

Kisha kuna jambo ambalo vitabu vya wenzetu hulitaja kwa mstari mmoja, nasi tunaishi nalo: umeme unaopungua nguvu jioni. Nchi haina tena uhaba ule wa zamani wa kuzalisha. Bwawa la Kidatu, jirani yetu hapo kwenye Ruaha Mkuu, lina megawati 204, na Bwawa la Nyerere kwenye Rufiji, lililoanza na mtambo wa kwanza Februari 2024, limejengwa kwa megawati 2,115. Lakini megawati zikiwa nyingi Rufiji hazinenepeshi waya mwembamba unaoishia kwako. Saa moja usiku taa, redio, friji na majiko ya umeme yakiwaka, volti 230 zinaweza kuwa 205, na wewe uliye nguzo ya mwisho ndiye unayepata makombo.

Nguvu ya koili haishuki sawa na volti. Inashuka kwa kipeo cha pili cha volti. Volti zikiwa 215, tanuri la kilowati 7 linabaki na 6.1. Zikiwa 200, linabaki na 5.3, robo nzima imepotea. Kila tanuri linavuja joto ukutani, na kadiri linavyopanda ndivyo linavyovuja zaidi. Ikifika mahali linavuja kiasi kile kile linachoingiza, limekwama. Litakaa kwenye 1,020 hadi alfajiri likila uniti, nawe utadhani kontrola ni mbovu. Kwa hiyo nunua mita ya volti ya fundi, na kwa wiki moja andika daftarini: saa saba mchana, saa moja jioni, saa tano usiku, saa kumi alfajiri. Pima huku umewasha mzigo, pasi mbili na birika, kwa sababu waya usio na kazi kila mara huonekana mzima. Ukipata chini ya 215 mara kwa mara, usinunue stabilaiza. Yenye uwezo wa kubeba kilowati 7 ni mzigo mwingine wa fedha. Punguza ukubwa wa tanuri, au omba waya mnene zaidi, au hamishia karakana karibu na transfoma.

Wengine hulishinda tatizo hili kwa ratiba. Unawasha saa mbili usiku kwa moto mdogo sana, wakati ambao tanuri halihitaji nguvu maana unafukuza maji tu kwenye vyombo. Mji ukilala, volti zinapanda, na ndipo unaliachia lipande. Kilele kinafika kati ya saa nane na saa kumi usiku. Ratiba hii inataka mtu wa kukesha, na kwa walio Mikumi inataka pia pa kulala hapo hapo. Njia za pembezoni mwa hifadhi si za kutembea peke yako saa tisa usiku. Tembo hawaulizi unatoka wapi.

Gharama ya mchomo mmoja

Fanya hesabu hii mbele ya kikundi, ubaoni. Tanuri la kilowati 7 likifanya kazi saa 9, na koili zikiwa zimewaka theluthi mbili ya muda huo, linakula uniti 42. Kwa ngazi ya bei ya T1 ya TANESCO, uniti ya shilingi 292 ukiiongezea VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1 inakuwa kama shilingi 356. Mchomo mmoja basi ni shilingi 15,000 hivi. Ndani yake vinaingia vikombe vya kawaida 45 hadi 50 vikiwa na glezi, kwa kuwa vyenye glezi havitakiwi kugusana. Kila kikombe huchomwa mara mbili, mara ya kwanza kikiwa kitupu na mara ya pili kikiwa na glezi, kwa hiyo umeme wa kikombe kimoja ni kama shilingi 600. Mchomo wa kwanza huweza kupangwa kwa kubebanisha, kikombe juu ya kikombe, na hapo unaokoa kidogo.

Shilingi 600 kwa kikombe cha kuuza 8,000 si mbaya. Kwa kikombe cha kuuza 1,500 ni mbaya sana. Na tanuri likipangwa nusu hula karibu sawa na lililojaa, kwa hiyo mwenye haraka hulipa mara mbili.

Ikiwa unafanyia kazi nyumbani na mita yako iko ngazi ya D1, ile ya wanaotumia hadi uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kabla ya kodi, michomo miwili tu itakutoa humo, na taa za nyumbani nazo zitahesabiwa kwa bei ya juu. Omba mita ya karakana ya peke yake. Na kabla ya kuwasha, weka uniti. Nalisema hili bila aibu: uniti 42 zinahitajika, kwenye mita kuna 31, mfinyanzi amelala, na saa nane usiku glezi ikiwa imeanza kuyeyuka, giza. Vyombo havitakufa, lakini vitatoka na vipele, na utavichoma upya kwa gharama ile ile.

Vikundi vinavyofikiria mkopo wa halmashauri wa asilimia kumi, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, viandike hesabu hii kwenye andiko lao. Mkopo hauna riba, ila marejesho yana tarehe, nayo haijali kama mvua ilikata umeme wiki mbili.

Umbo lake na matumbo yake

Kuna matanuri ya kupakiwa kwa juu, kama pipa lenye kifuniko, na ya kupakiwa kwa mbele, kama kabati. La mbele ni tamu kwa mgongo lakini ni zito, hutoka kiwandani likiwa zima, na kulishusha kwenye gari kunataka winchi au wanaume wengi wasiogombana. La juu ni jepesi na rahisi zaidi, na mengi yametengenezwa kwa mapete yanayobebanishwa. Pete moja likiharibika unalitoa lenyewe. Hata guta linaweza kulibeba. Kwa Kilosa ningechukua la mapete, ila nisingechukua lenye kina cha zaidi ya sentimita 60 hivi. Mama wa miaka sitini aliyeinama ukingoni akipanga vikombe vya chini hatakushukuru.

Angalia unene wa tofali. Matofali ya tanuri ni mepesi na laini kama andazi la jana, unaweza kuyakwangua kwa ukucha, na ndiyo yanayozuia joto lisitoke. Yapo ya milimita 64 na ya milimita 76. Chukua ya 76. Tofauti ya bei utairudisha kwenye LUKU, na tanuri litapoa taratibu, jambo ambalo vyombo hulipenda. Ulaini huo huo ndio sababu tanuri lisafirishwe limesimama, limefungwa magodoro, na dereva apewe soda kabla ya safari, si baada.

Koili za matanuri haya ni za aloi ya chuma, kromu na alumini, inayojulikana zaidi kwa jina la biashara la Kanthal. Daraja la A1 huvumilia hadi nyuzi 1,400 kwenye waya wenyewe. Zile koili za majiko na hita zinazouzwa Kariakoo ni kitu kingine. Zikiwekwa humo zitawaka, zitapendeza, kisha zitakatika. Unaponunua tanuri, nunua pamoja nalo seti moja nzima ya koili za akiba, kipima joto kimoja cha ndani na rilei mbili. Usikubali kuambiwa kwamba vipuri vitaagizwa vikihitajika. Vitahitajika wiki ya oda kubwa.

Kontrola ya elektroniki ni nzuri kwa kuwa inapandisha joto kwa mwendo uliouchagua. Mwulize muuzaji swali moja: umeme ukikatika dakika kumi ukarudi, inaendelea ilipoachia au inazima? Kwetu swali hilo lina uzito kuliko rangi za kioo chake. Iwekee kinga ya radi, na ukimaliza kuchoma zima swichi ya ukutani. Matanuri ya zamani yana kizimio cha mkono kinachoshikiliwa na koni ndogo; koni ikilainika, chuma kinaanguka, umeme unakatika. Hakina akili nyingi, lakini hakifi kwa radi. Usilidharau tanuri lenye hicho.

Swichi ya kifuniko au ya mlango ni lazima iwepo: ukifungua, koili zinakosa umeme. Hata kwa matanuri yanayojengwa na mafundi wetu, na yapo yanayojengwa vizuri, hiki ndicho kitu cha kwanza cha kukagua. Koili iko wazi ndani. Anayeigusa kwa kijiti cha chuma ikiwa na volti 230 hapati nafasi ya kujifunza.

Na usitupe kuni, majani wala pumba za mpunga ndani ya tanuri la umeme ili upate weusi ule wa vyungu vya asili. Koili huishi kwa sababu ya ngozi nyembamba ya alumina inayozifunika, na moshi huimaliza. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye vyombo vyake vimo kwenye makumbusho makubwa ya dunia, hupata vyekundu na vyeusi kutoka udongo ule ule: vyekundu kwa moto wenye hewa ya kutosha, vyeusi kwa kuvirudisha kwenye moto ulionyimwa hewa. Ukitaka weusi, choma mara ya kwanza kwenye umeme, kisha malizia nje, ndani ya pipa lenye pumba. Za Kilosa ni za bure wakati wa mavuno.

Yanayotoka Ulaya

Mengi ya matanuri yanayopatikana kwa bei nafuu ni mitumba kutoka ng'ambo. Likitoka Ulaya, na sisemi Ulaya yetu iliyo njiani kati ya Kilosa na Mikumi, kwa kawaida limeundwa kwa volti 230 na litakubaliana na umeme wetu. Yanayotoka Marekani yatazame mara mbili. Yapo ya volti 240, ambayo kwetu yatatoa asilimia 92 ya nguvu yake hata siku umeme ni mzuri, kwa hiyo lenye kikomo cha 1,290 usilitegemee kufika huko. Yapo pia ya volti 208, ya majengo ya shule na viwanda vyao. Hayo ukiyaunganisha na 230 yatavuta nguvu zaidi ya iliyokusudiwa kwa asilimia 22, na waya wake wa ndani utaungua kabla ya vyungu. Soma kibao cha chuma kilicho ubavuni: volti, fezi, ampea, kilowati. Kisipokuwepo, usinunue.

Washa mtumba mbele ya muuzaji kwa nusu saa, ufungue, uone kama koili zote zimekuwa nyekundu kwa usawa. Zilizolala na kutoka kwenye mifereji yake zimechoka. Nyufa nyembamba za matofali si neno. Tofali lililomeguka nyuma ya koili ni neno.

Pa kuliweka

Kilosa mjini inaujua mto Mkondoa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalizihamisha familia na kuing'oa reli, na wenye umri wanakumbuka maji yalifika wapi. Liweke tanuri juu ya alama hiyo, kwenye stendi ya chuma, na bodi ya umeme iwe juu zaidi. Tofali lililonyonya maji huchukua siku nyingi kukauka na sanduku la umeme halikauki kabisa. Sakafu iwe ya saruji, paa la bati, si makuti wala nyasi, na pande zote pawe na sentimita 45 za hewa. Madirisha mawili yanayotazamana yatatoa mvuke na gesi za mchomo wa kwanza, hasa kati ya nyuzi 700 na 900, uchafu wa udongo unapoungua. Usilale chumba hicho. Vumbi la udongo na la glezi lifagiwe kwa kitambaa chenye maji, kamwe si kwa ufagio mkavu, maana mapafu hayatofautishi karakana na mgodi. Glezi yenye madini ya risasi isiingie mlangoni.

Kabla ya kila mchomo chungulia tundu za hewa. Nyigu hujenga humo, naye ni mfinyanzi, lakini anaziba. Sanduku la umeme liwe na wavu mwembamba, kwani mjusi mmoja akilala kati ya nguzo mbili za kontakta huondoka na bei ya kontakta.

Rafu zipake rojo ya kaolini na alumina kabla ya kuzitumia, ili glezi ikidondoka isishike. Kaolini nyeupe ya Pugu, iliyosifiwa tangu enzi za ukoloni, inafaa kazi hiyo.

Mchomo wa kwanza uwe wa tanuri tupu, lenye rafu tu, hadi nyuzi 1,050. Litanuka, litatoa moshi kidogo, na koili zitavaa ngozi yake. Andika daftarini saa ya kuwasha, volti, uniti kabla na uniti baada, na saa lilipofika kila nyuzi 100. Ukurasa huo ndio utakaokuambia, mwaka ujao, kwamba koili zimeanza kuchoka. Likizima, liache. Vyombo vinavyotolewa kwenye nyuzi 200 hulia vikigusa upepo, mlio mwembamba kama wa barafu kwenye glasi, na huo ni mlio wa nyufa. Asubuhi kioo kikisoma 120, kunywa chai. Kikisoma 90, kunywa ya pili.